PIKAPU INAYOKULA DIZELI NA KUKOSA NGUVU
(Mazungumzo ya Mkaguzi wa Ushirika mbele ya makatibu na wanachama wa vyama vya msingi)



Nilitakiwa nizungumze juu ya vitabu vya hesabu, nami nimeomba ruhusa nizungumze juu ya pikapu, kwa sababu katika vitabu vingi ninavyokagua fungu la dizeli ndilo linalozidi makisio. Tuseme pikapu ya chama ilikuwa ikienda kilomita 10 kwa lita 1, na sasa huenda 7. Kwa mwendo wa kilomita 1,400 kwa mwezi, lita 140 zimekuwa 200. Katika msimu wa miezi 6 ni lita 360 za ziada, nazo hukatwa katika malipo ya mkulima.

Ikionekana hasara hiyo, desturi yetu ni kumtazama dereva. Chama kimoja kilimwachisha kazi dereva wake kwa tuhuma ya kuuza dizeli njiani. Akaajiriwa mwingine, na gari likaendelea kula vilevile, tena likawa halipandi mlima na magunia 10. Baadaye fundi alipoliinua gari, akakuta gurudumu moja la nyuma halizunguki ila kwa kulazimishwa. Waya wa breki ya mkono ulikuwa umeshika kutu, breki haiachii, na ngoma imebadilika rangi kwa joto. Dereva wa kwanza alikuwa amekwisha kuhama wilaya.

Basi, kabla ya tuhuma na kabla ya gereji, pimeni. Msiamini mshale wa tangi. Jazeni tangi hadi juu, gari likiwa mahali tambarare, andikeni kilomita. Liendeshwe kazi zake za kawaida kwa kilomita 300 au zaidi, kisha lijazwe tena hapo hapo kwa namna ile ile. Gawanyeni kilomita kwa lita zilizoingia. Yafaa Katibu awepo mara zote mbili. Tazameni pia matairi: chama kikinunua matairi makubwa kuliko yale ya asili, kipima mwendo huonyesha kilomita pungufu ya zilizosafiriwa, na dereva mwaminifu huonekana mwizi.

Hesabu ikithibitisha kwamba dizeli inapotea, ulizeni jambo moja: je, nguvu nayo imepungua? Hapo ndipo palipo na siri yote. Gari likiwa na nguvu zake kamili, halitoi moshi, lakini dizeli haionekani ilikokwenda, tafuteni uvujaji chini ya tangi na kwenye mabomba, kisha tazameni stakabadhi na mizigo isiyoandikwa. Nguvu ikiwa imepungua lakini ulaji haukuzidi sana, injini ina njaa: dizeli haifiki. Na yakiwapo yote mawili, ulaji na udhaifu, basi ama dizeli inaungua vibaya ama kuna kitu kinalizuia gari lisiende. Mwizi wa dizeli hapunguzi nguvu za injini, labda awe ameongeza mafuta ya taa au maji kuficha alichochota.

Injini yenye njaa huenda vizuri tambarare na hufa mlimani, bila moshi mweusi. Badilisheni chujio la dizeli na kumwaga maji yaliyotuama chini yake, hasa kama chama hununua dizeli ya mapipa. Fungueni kifuniko cha tangi: nguvu ikirudi, tundu lake la kupitisha hewa limeziba. Kisha mtu mmoja akanyage mafuta hadi mwisho, na mwingine atazame mkono wa pampu kama unafika mwisho wake. Nimeona zulia jipya chini ya pedali likilinyima gari nguvu.

Moshi mweusi ni habari nyingine. Lita 1 ya dizeli huhitaji hewa isiyopungua lita 10,000 hivi ili iungue. Katika injini za aina ya zamani, pampu hupeleka dizeli kwa kadiri ya mguu wa dereva, hewa iwepo isiwepo. Chujio la hewa likijaa vumbi la kiangazi, dizeli hutoka nyeusi kwenye ekzosi na dereva huzidi kukanyaga. Litoeni, mlielekeze kwenye jua. Lisipopitisha mwanga, nunueni jipya. Wala msiliondoe mkaendesha bila chujio, maana vumbi litasaga silinda. Wenzetu wa nyanda za juu wakumbuke kwamba kwenye mita 1,900, kama Njombe, hewa ni nyepesi kwa kiasi cha sehemu 1 ya 6 kuliko pwani. Injini isiyo na tabo haitakuwa na nguvu ya kule Tanga, hata iwe mpya.

Hewa ikiwa safi na moshi mweusi ukaendelea, nozeli zinadondosha dizeli badala ya kuipuliza kama ukungu. Zipelekwe kwa fundi mwenye mashine ya kupimia. Asijaribu mtu kukinga mkono mbele ya nozeli, kwa kuwa mkandamizo wake hupenyeza dizeli chini ya ngozi. Moshi mweupe usiokoma injini ikiwa moto, na ule wa buluu wa oili, ni kazi za gereji.

Fundi atakayeanza kwa kugeuza skrubu ya pampu ili “gari lipate nguvu”, mzuieni. Hapo huongeza dizeli mahali palipopungukiwa na hewa. Na zile pikapu mpya ambazo pampu yake huongozwa na kompyuta, msikubali mabomba yafunguliwe chini ya mwembe. Hata hivyo vichujio, matairi na breki zake hukaguliwa vilevile: upepo upimwe kila juma, na baada ya safari guseni kwa uangalifu kila gurudumu. Lililo moto kuliko wenzake lina breki inayoshika.

Katika ukaguzi ujao nitaomba daftari la safari lenye tarehe, kilomita, lita, mzigo na saini mbili. Hati ya malipo ya gereji iambatane na kipuri cha zamani, kihifadhiwe stoo na kuandikwa namba ya gari. Kama nozeli zimebadilishwa, nitataka kuziona zote 4.