Rangi Zinazopatana na Tofali la Kuchoma: Mazungumzo kwa Wenye Nyumba



Tumeombwa tuzungumze juu ya rangi za nyumba, nasi tutaanza na kitu ambacho wengi hawakihesabu kuwa ni rangi, yaani tofali lenyewe. Apitaye Iringa, Njombe, Mbeya au Songea huona nyumba za matofali ya kuchoma kila upande, na kando ya baadhi yake huona pia mabaki ya tanuri yalikochomewa. Mwenye nyumba hiyo amekwisha kulipia udongo, maji, kuni na vibarua. Kisha, siku ya kumalizia nyumba, hununua ndoo za rangi na kuyafunika yote hayo. Na baada ya misimu michache ya mvua rangi huanza kubanduka. Lawama humwangukia fundi au muuza duka, ilhali mara nyingi kosa lilikuwa katika uamuzi wa kupaka.

Wekundu wa tofali hutokana na chuma kilichomo katika udongo. Udongo unapochomwa kwa moto mkali wenye hewa ya kutosha, chuma hicho hugeuka kuwa namna ya kutu, na wekundu huo haupauki kwa jua kama zipaukavyo rangi nyingi za dukani. Penye upungufu wa hewa tofali hutoka jeusi au la kijivu. Udongo wenye chokaa nyingi hutoa tofali la manjano. Na yale yaliyokaa pembeni mwa tanuri, ambako moto haukufika sawasawa, hubaki na rangi ya chungwa iliyofifia. Hivyo ukuta mmoja waweza kuwa na wekundu wa namna tatu au nne. Wako wanaouona mchanganyiko huo kuwa dosari. Sisi twauona kuwa ndio utajiri wa ukuta, maana ndani yake mna karibu rangi zote mtakazohitaji kwa chumba kizima.

Hata hivyo, si kila tofali lafaa kuachwa wazi. Chukueni matofali mawili yaliyobaki, myagonganishe. Lililoiva hutoa mlio mkavu kama wa chungu kisicho na ufa. Lisiloiva hutoa mlio mzito uliofifia, na mkilikwaruza kwa msumari hutoka unga. Ukuta wa nje uliojengwa kwa matofali yasiyoiva na uvikwe lipu, wala hatutamshawishi mtu aache wazi ukuta utakaoliwa na mvua kwa sababu tu unapendeza leo.

Tazameni pia kama ukuta umetoa unga mweupe. Hizo ni chumvi: maji hupita ndani ya tofali, na yakifika usoni mwa ukuta hukauka na kuziacha hapo. Zipanguseni kwa brashi kavu, kisha mtafute maji yanakotoka, liwe bomba linalovuja, mfereji wa paa uliotoboka, au udongo wa bustani uliorundikwa ukapanda juu ya msingi. Hakuna rangi itakayoponya unyevu. Tofali huvuta maji wakati wa mvua na kuyatoa tena hewani wakati wa kiangazi; mkilipaka rangi ya mafuta, au vanishi ing'aayo ambayo mafundi wengi huipenda, maji hufungiwa ndani, na yanapotafuta njia ya kutoka huisukuma rangi mbele yake. Kanisa Kuu la Namirembe mjini Kampala, lililokamilika mwaka 1919, lasimama hadi leo na kuta zake za nje za matofali mekundu, katika nchi isiyokosa mvua.

Jambo hili twalikazia kwa kuwa haligeuziki kwa urahisi. Rangi iliyokwisha kuingia katika vinyweleo vya tofali huondolewa kwa kemikali kali au kwa kusugua, na kusugua huondoa ganda gumu la nje linalolikinga tofali. Ukuta wa lipu mwaweza kuupaka upya kila mkichoka na rangi yake. Ukuta wa tofali mnaupaka mara moja, na tangu siku hiyo mtakuwa mkiupaka daima. Mwenye kutaka weupe juu ya tofali kwa vyovyote vile, chokaa ni bora kwake kuliko rangi ya mafuta, kwa sababu chokaa huliacha tofali lipumue.

Tuje sasa kwenye kuchagua. Watu wengi huenda dukani wakiwa na kumbukumbu ya tofali lao vichwani, na kumbukumbu hiyo husema “nyekundu”, basi. Bebeni tofali lenyewe. Liwekeni juu ya meza ya duka kando ya kadi za rangi, na mtashangaa kuona kumbe lenu lina uhudhurungi zaidi, au uchungwa, au linaelekea damu ya mzee. Nyeupe angavu yenye ubuluu kidogo, ambayo wengi huichagua wakidhani ni salama, hulifanya tofali lionekane chafu. Nyeupe ya maziwa, ya pembe ya ndovu, au rangi ya mchanga mkavu hukaa nalo kwa amani, kwa kuwa ndani yake mna chembe ya manjano au ya wekundu. Msiusahau uji wa saruji uliomo kati ya matofali: nao ni sehemu ya ukuta, na kijivu chake chaweza kurudiwa katika fremu za madirisha bila kumsumbua mtu macho.

Kijani chataka hadhari. Chakabiliana na nyekundu katika mpangilio wa rangi, na kila kimoja humzidishia mwenzake ukali. Kijani angavu cha jani changa kando ya tofali jekundu hugombana nalo mchana kutwa. Kijani kilichofifia, cha zeituni au cha jani la mkaratusi, hulituliza, na kwa maoni yetu hakuna rangi ya mlango inayolipendeza tofali jekundu kuliko hiyo. Buluu nzito kama ya wino yafaa pia. Ama paa la buluu angavu juu ya kuta za tofali, hilo ni chaguo lisilorekebishwa kwa brashi. Fikirini vizuri kabla ya kuagiza bati.

Msiamini kadi ndogo ya dukani peke yake. Nunueni kopo dogo, mpake mikono miwili juu ya kipande cha mbao bapa chenye upana wa sentimita 60 hivi, na mkisimamishe kando ya tofali asubuhi, adhuhuri na jioni. Jua la machweo huzidisha uchungwa wa ukuta unaotazama magharibi. Usiku washeni taa mnayoitumia: balbu iliyoandikwa 6500K hutoa mwanga wa kibuluu unaolifanya tofali lipooze, na ile ya 2700K au 3000K hulirudishia joto lake. Huenda mkagundua kuwa kilichohitaji kubadilishwa ni balbu.

Kuacha tofali wazi ndani ya nyumba ni akiba pia. Chukueni chumba cha meta 4 kwa 3, chenye kimo cha meta 2.7. Kuta zake zina meta za mraba 37.8, mkiondoa milango na madirisha, tuseme meta za mraba 5, zabaki karibu 33. Ikiwa lita moja yafunika meta za mraba 10 za lipu laini, mikono miwili yataka lita 6.6. Mkiacha wazi ukuta mmoja mrefu usio na dirisha, lita 4.4 zatosha. Ukuta mmoja nao watosha kwa jicho. Chumba chenye kuta nne za tofali tupu hunyonya mwanga, kikawa kama ghala. Lipu mpya ya kuta nyingine tatu iachwe ikauke majuma manne kabla ya kupakwa.

Vyombo na mapambo hufuata kanuni ileile. Kabati la mninga likiegemezwa kwenye tofali hupotea, kwa maana rangi zao ni ndugu. Litengeni kwa pazia jepesi la rangi ya maziwa au mlihamishie ukuta wa lipu. Vikapu vya milulu vya Iringa, mikeka ya ukindu na pamba isiyotiwa rangi hung'aa mbele ya tofali. Kitenge chenye maua makubwa kiwe kimoja, juu ya mto wa kochi. Mkitaka kutundika picha, tobo litobolewe katika saruji ya kiungio, ambayo huzibika kirahisi, wala si katika tofali.

Katika ununuzi, someni kopo. Madini ya risasi yalitumika zamani katika rangi, hasa za mafuta zenye rangi kali. Shirika la Afya Duniani lasema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama kwa mtoto, na kikomo kinachopendekezwa kimataifa kwa rangi ni sehemu 90 kwa milioni. Tafuteni alama ya ubora ya TBS pamoja na maelezo kuwa rangi haina risasi. Mkikarabati nyumba ya zamani, msikwangue rangi kuukuu ikiwa kavu watoto wakiwa ndani. Ilowesheni maji kwanza, mkusanye mabaki yote, na mfagio wa kawaida usitumike.

Nunueni rangi yote ya chumba kwa siku moja na mhakikishe makopo yana namba moja ya toleo, kwa sababu rangi iliyochanganywa wiki ijayo yaweza kutofautiana kidogo, nayo tofauti hiyo huonekana katikati ya ukuta. Daini risiti. Andikeni jina la rangi na namba yake ya mchanganyo kwa kalamu ya wino usiofutika nyuma ya mlango wa kabati, mahali ambapo fundi wa miaka mitano ijayo ataiona.