Kiazi Kilicholala



Ninyi mkaao Likoni, Kisauni na Changamwe, huenda mmeuona mkalamu. Huota wenyewe vichakani, nao hutambaa: ncha ya jani hujikunja kama kidole na kushika kijiti kilicho jirani. Maua yake, mekundu na manjano, ni kama ndimi za moto. Wengine huupanda bustanini, penye uzio.

Lakini kiangazi kikija, shina lote hunyauka. Pabaki mchanga mtupu. Asiye na subira husema, “Umekufa,” akachukua jembe. Kumbe chini pana kiazi chenye panda mbili, na jicho la kuchipua liko kwenye ncha ya panda. Ncha hiyo ikivunjika, upande ule hauchipui tena. Naye amwagaye maji kila siku ili auamshe upesi, hukiozesha kiazi. Mwenye hekima huweka kijiti cha alama, akangoja masika.

Angalieni, mkalamu wote una sumu, na kiazi chake hasa. Chaweza kumwua mtu. Usiupande karibu na mihogo wala viazi vitamu, na watoto waonywe. Kwa hiyo kijiti kile chamlinda mtoto, tena chakilinda kiazi.

Ndugu zangu, katika kila usharika yuko aliyenyauka. Amefiwa, au kibarua cha bandarini kimekwisha, na mahali pake kanisani pa tupu. Je, tumekwisha kulifuta jina lake? Au twamlemea kwa mahubiri kila tukutanapo naye njiani?

Ayubu katika taabu yake, sura ya 14, aliutazama mti uliokatwa akaona kwamba bado una tumaini, maji yakiukaribia. Juu ya mwanadamu hakuthubutu kusema hivyo. Sisi tunaomjua Kristo aliyefufuka twathubutu.

Basi juma hili mwendee mmoja. Jembe liache nyumbani. Keti naye, ule naye, umwulize hali ya watoto. Jina lake na likae katika orodha yetu, kama kijiti kile mchangani. Mvua ni ya Mungu.

Tuombe. Ee Bwana, utuzuie mikono tusing’oe ulichokilaza wewe. Utupe subira ya kungoja masika yako. Amina.