Mali Bila Daftari: Namna ya Kukichangia Chuo cha Wananchi

(Maandishi ya mazungumzo kwa mikutano ya wananchi ya kata)



Katika karne ya 19, misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Ujiji ilipumzika hapa Tabora. Wapagazi wengi walikuwa Wanyamwezi, na kila mmoja alibeba mzigo wa kilo 30 hivi. Mpagazi alijua anachobeba na anakokipeleka. Njiani, watawala wa maeneo walidai hongo, na wenye misafara waliilipa kwa shingo upande ili wapite tu.

Hadi leo wapo wananchi wanaouona kila mchango kuwa hongo. Karatasi ya majina ikifika mlangoni, hutoa kidogo ili mgeni aondoke. Hawalaumiki. Aliyewahi kuchangia jengo ambalo halikupata kuezekwa, tena bila kuelezwa fedha ziliishia wapi, ana haki ya kuuliza kabla ya kutoa tena.

Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi vilianzishwa mwaka 1975 kwa ushirikiano wa Serikali na Sweden, kwa kufuata mfano wa vyuo vya watu wazima vya Skandinavia, ambavyo cha kwanza kilifunguliwa Rødding, Denmark, mwaka 1844. Leo nchini viko 54, na mkoani Tabora vimo cha Sikonge na cha Urambo. Humo hufundishwa uashi, useremala, ushonaji, kilimo na stadi nyingine. Humo pia msichana aliyekatiza masomo kwa sababu ya ujauzito hupata njia ya kurudi darasani. Serikali huajiri walimu. Lakini cherehani iliyoharibika katikati ya muhula haisubiri bajeti ya mwaka ujao, na binti anayetoka kijiji cha mbali hawezi kusoma asipopata kitanda bwenini.

Je, wananchi wa kawaida wanaweza kukiinua chuo? Historia inajibu kwamba wanaweza. Chuo cha Kivukoni, Dar es Salaam, kilifunguliwa mwaka 1961, kabla ya Uhuru, kwa juhudi za TANU na michango ya wananchi. Leo ni Chuo cha Kumbukumbu ya Mwalimu Nyerere. Huko Kakamega, Kenya, chuo kilichoanzishwa kwa harambee mwanzoni mwa miaka ya 1970 leo ni Chuo Kikuu cha Masinde Muliro.

Ili mchango wa namna hiyo ufanikiwe, yapo mambo matano ya kuzingatia.

Kwanza, liombwe jambo moja lenye bei. “Tuchangie maendeleo ya chuo” ni maneno yasiyo na mwisho. “Vitanda 20 vya bweni la wasichana, kwa bei hii ya fundi huyu” ni mzigo uliopimwa, na siku vitanda vinapoingia bwenini kila mtu ataviona.

Pili, fedha zisipite mkononi wala katika simu ya mtu binafsi. Zilipwe kwa namba ya malipo ya Serikali inayotolewa na chuo, na mlipaji abaki na risiti yake. Anayetoa mbao, mahindi au asali, kitu chake kiandikwe daftarini pamoja na sahihi ya mtoaji na ya mpokeaji.

Tatu, msimu uheshimiwe. Januari ni mwezi wa palizi na mahitaji ya shule. Kumwomba mkulima fedha wakati huo ni kumwomba asichonacho. Wakati mwafaka ni baada ya mauzo ya tumbaku na mavuno ya mpunga. Chama cha msingi cha ushirika kikitaka kuchangia, jambo hilo liamuliwe na wanachama katika mkutano mkuu, lisikatwe kimyakimya katika malipo yao.

Nne, wahitimu watafutwe. Seremala mwenye karakana na mshonaji mwenye duka walianzia katika madawati yale yale. Chuo kikiwa na orodha yao, wanaweza kutoa fedha, vifaa au siku moja ya kufundisha.

Tano, na hili ndilo zito kuliko yote, mchango ubaki kuwa hiari. Mjane asiye na kitu asinyimwe barua ya mtendaji kwa sababu jina lake halimo katika orodha. Siku hilo litakapotendeka, mchango utakuwa umegeuka hongo, na walio na uwezo nao watafunga milango yao.

Mkutano mkuu wa kijiji hukutana kila baada ya miezi mitatu kupokea taarifa ya mapato na matumizi. Taarifa ya mchango wa chuo isomwe hapo, kisha ibandikwe ubaoni: kilichoingia, kilichotoka, kilichobaki. Ikiwa bei imepanda au fundi amechelewa, lisemwe pia. Wafadhili wakubwa huuliza kwanza wenyeji wametoa nini na wametumiaje. Daftari safi la kata ndilo jibu la swali hilo.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Mwananchi atakayeombwa mchango na aombe kuliona daftari kwanza. Na kiongozi atakayeombwa daftari asikasirike, bali alifungue.