Neno la Mabinti juu ya Marehemu Baba Yao, Mwalimu wa Dini



Katika yubile hii twamkumbuka marehemu baba yetu. Mwaka 1972, serikali ya Zaire ilipokataza majina ya Kikristu, karatasi zetu ziliandikwa upya. Mchana Baba alitii. Lakini usiku, baada ya sala, alituita mmoja mmoja kwa jina la ubatizo, asimsahau hata mdogo aliyekwisha kulala. Sisi mabinti tuliogopa kusikiwa na majirani. Yeye alicheka tu, akaendelea.

Siku ya kufa kwake sauti ilikuwa imekwisha, ila midomo yake ilitaja majina yetu yote. Tukajibu: “Tuko, Baba.”

Twaomba Mungu amwite naye kwa jina lake.