Dawa ya Kula Shaba: Kuitunza na Kuifufua Katika Karakana Ndogo
Mada kwa semina ya mafundi wa redio na sola, Burungu, Masisi

Niliombwa nianze na fasili. Bodi ya saketi ni kibao cha fiberi chenye ngozi ya shaba. Tunachora njia kwa rangi, dawa inakula shaba iliyobaki wazi. Mnajua. Tusonge.

Ugomvi wangu wa miaka ni ndoo ya dawa inayomwagwa eti "imekufa". Mara nyingi haijafa, imekosa hewa. Dawa yetu ni kloridi ya shaba yenye asidi; inapokula shaba hugeuka kuwa kloridi ya daraja la chini, isiyokula tena, na rangi yake hutoka kijani angavu ikawa kahawia ya matope. Asidi ikiwa bado imo, ipulizie hewa kwa pampu ya tangi la samaki, hata ya sola, uwe na subira. Mara ya kwanza niliacha viputo vikichemka usiku kucha. Asubuhi niliinua chupa dirishani, nikaona vidole vyangu upande wa pili.

Hapa ndipo tunapokosana na wengi. Asidi inapopungua, wanaongeza ya betri kwa kuwa ndiyo iliyopo sokoni. Hiyo ni salfuriki, haina kloridi, na bila kloridi ya kutosha bodi hutandwa na utando mweupe, dawa ikasimama. Inayotakiwa ni hidrokloriki. Maji ya oksijeni ya famasini hufufua upesi, lakini yale ya asilimia 3 ni maji matupu karibu yote, na dawa inazidi kuwa hafifu. Tena usifunge chupa punde baada ya kuyatia. Yangu ilipasuka, shati ndilo lililolipa.

Tupige hesabu. Shaba ya unene wa maikromita 35 ina gramu 305 hivi kwa mita ya mraba. Bodi ya sentimita 10 kwa 16 ikiliwa yote ni karibu gramu 5, na kuifufua dawa baada yake kunataka mililita 15 hivi za asidi ya asilimia 32. Asidi yenyewe inapanda kutoka Goma kupitia Sake, kwa barabara mnayoijua. Nani ana ya kumwaga?

Lakini kila ukifufua, ujazo unaongezeka. Ziada hiyo sijaimaliza. Shaba inaua samaki. Misumari chakavu huivua shaba, ikaganda juu yake nyekundu, na chokaa huizima asidi. Tope linalobaki halina pa kwenda. Nimeandika barua tatu kuuliza. Nilijibiwa kwamba zimepokelewa, na kwa heshima zote naishia hapo.

Napendekeza, basi: hewa kwanza, maji ya oksijeni baadaye. Asidi ya betri ibaki kwenye betri. Asubuhi za baridi dawa ipashwe kwa beseni la maji ya moto, kamwe si juu ya jiko. Kazi ifanyike nje, kwa miwani na glavu, mbali na vifaa vya chuma, kwani mvuke wake huvila. Narudia: hewa kwanza. Karakana zichangie pipa moja la tope, lisiende mtoni. Semina isinukuliwe kuwa inahimiza asidi majumbani. Na bidoni iandikwe SUMU kwa Kiswahili na Kifaransa, isiwe ile iliyoletewa mafuta ya mawese.