Kazi za Kupeleka Nyumbani: Jinsi Siri za Almelo na Los Alamos Zilivyotoka Getini



Nimeombwa nizungumzie ulinzi wa nyaraka za siri viwandani. Huenda mnatarajia habari za kufuli, kamera na makabati ya chuma. Nitazigusa kwa uchache, maana katika visa viwili vikubwa nilivyovichagua hakuna kufuli iliyovunjwa. Karatasi zilitoka mikononi mwa watu walioajiriwa kuzishika, na katika kisa cha kwanza mwajiri mwenyewe alikuwa na habari.

Tuanze Uholanzi. Mwaka 1970 Uingereza, Uholanzi na Ujerumani Magharibi zilitia saini mkataba katika mji wa Almelo, zikakubaliana kurutubisha urani kwa pamoja. Njia waliyoichagua ni ya sentrifuji, yaani mitungi inayozunguka kwa kasi ya ajabu hadi urani nyepesi ikajitenga na ile nzito. Shirika lililotokana na ushirikiano huo, Urenco, lilikusudiwa kutengeneza mafuta ya vinu vya umeme. Lakini mitambo ileile, ikipangwa iendelee kuchuja, hutoa urani ya bomu. Ndiyo maana michoro yake ilipigwa mihuri ya siri.

Kiwanda chake cha Almelo hakikufanya kila kitu chenyewe. Kazi nyingi za uhandisi zilipelekwa kwa kampuni ya FDO, iliyokuwa Amsterdam, na mwaka 1972 FDO ilimwajiri mtaalamu wa metali aitwaye Abdul Qadeer Khan. Alikuwa Mpakistani, mzaliwa wa Bhopal, aliyesoma Berlin Magharibi na Delft kabla ya kupata udaktari Leuven, Ubelgiji. Alikuwa mcheshi, mkarimu, mwenye kujua Kijerumani na Kiholanzi. Upekuzi ukafanyika, akapewa kibali cha daraja la chini. Haukupita muda, akawa ameshatembezwa ndani ya kiwanda cha Almelo.

Wenzangu wa masijala ya siri mtanielewa nikisema kwamba kosa la kwanza lilikwisha kutendeka hapo, na lilitendwa na watu wasio na nia mbaya hata kidogo. Upekuzi ulimpima mtu kwa kazi moja, kisha akapewa nyingine. Fomu ikabaki ndani ya jalada ikisema yaleyale ya siku ya kwanza. Sisi huku tunazo fomu za namna hiyo, tusicheke.

Mwaka 1974 Wajerumani walileta muundo mpya wa sentrifuji, bora kuliko wa Waholanzi, na maelezo yake yote yalikuwa kwa Kijerumani. Wahandisi waliyahitaji kwa Kiholanzi, tena upesi. Nani atafsiri? Khan alikuwapo, lugha anazijua, ufundi anaujua. Mwishoni mwa mwaka huo alikaa siku 16 Almelo akiyatafsiri, katika jengo ambalo ulinzi wake ulikuwa umelegea. Inasimuliwa kwamba mwenzake mmoja alimwona akiandika katika daftari kwa maandishi yasiyo ya Kizungu, akamuuliza, naye akajibu kwamba anawaandikia barua watu wa nyumbani. Nyaraka nyingine alikwenda nazo nyumbani, kampuni ikijua, ili mkewe aliyezungumza Kiholanzi amsaidie kunyoosha lugha.

Tarehe zinasema zaidi. India ililipua kifaa chake cha kwanza cha nyuklia Mei 1974. Septemba, yaani kabla ya zile siku 16, Khan alikuwa amekwisha kumwandikia Waziri Mkuu Zulfikar Ali Bhutto akijitolea kuisaidia nchi yake. Desemba 1975 alikwenda Pakistani na familia yake kama mtu aendaye likizo, asirudi kazini. Pakistani ilifanya majaribio yake ya nyuklia Mei 1998. Maarifa hayo hayakuishia Islamabad, kwani yaliuzwa nje kwa njia ya mtandao wa mawakala, Dubai ikiwa moja ya vituo vyao. Libya, mmojawapo wa wanunuzi, ilipoamua kusalimisha mradi wake wa nyuklia, michoro ya bomu ilikutwa ndani ya mifuko ya fundi cherehani wa Islamabad. Februari 2004 Khan alikiri kwenye televisheni kwamba ameuza utaalamu huo.

Na mahakama? Mwaka 1983 mahakama ya Uholanzi ilimhukumu kifungo cha miaka minne bila yeye kuwapo, si kwa nyaraka zile bali kwa barua alizoandika baadaye akiomba taarifa za kiufundi. Mwaka 1985 hukumu ikafutwa kwa sababu hakufikishiwa hati ya wito ipasavyo. Nchi iliyozembea karatasi za kiwanda ikaja kukwamishwa na karatasi ya mahakama.

Najua hitimisho linalomjia mtu haraka: msiajiri wageni. Silikubali, na kisa cha pili kinanipa sababu.

Oktoba 2006, polisi wa mji wa Los Alamos, New Mexico, walifika kwenye nyumba moja kwa ajili ya kesi ya dawa za kulevya. Ndani wakakuta flashi na zaidi ya kurasa 200 zilizochapwa, mali ya maabara ya silaha za nyuklia iliyopo mjini humo. Mwenye kuzitoa alikuwa Mmarekani, mfanyakazi wa mkandarasi, kazi yake kuhamisha nyaraka za zamani kwenda katika kompyuta. Hakuonekana kutumwa na mtu yeyote. Maelezo yake yalikuwa mafupi: kazi ilimzidi, akataka akaipunguze nyumbani. Matundu ya kuchomekea flashi yalikuwa wazi, na getini hakusimamishwa na mtu. Idara ya Nishati ikatangaza faini ya dola milioni 3 dhidi ya Chuo Kikuu cha California, kilichokuwa kikiiendesha maabara hiyo kwa miongo mingi, na Januari 2007 Linton Brooks, mkuu wa mamlaka ya usalama wa nyuklia, akapoteza cheo.

Tazameni wawili hawa. Mmoja ana nia, mwingine hana. Mmoja mgeni, mwingine mwenyeji. Lakini wote wawili walikuwa na rundo la kazi ya karatasi iliyochelewa, na kila mmoja akaipeleka nyumbani. Kwa maoni yangu hapo ndipo penye tundu, na ukaguzi wetu haupaangalii kabisa. Mkaguzi huja akahesabu kufuli, akapitia daftari la kutolea mafaili, akatia saini. Haulizi majalada mangapi yanasubiri kutafsiriwa, kuchapwa au kuskaniwa, na wamebaki makarani wangapi wa kuyamaliza. Mimi ningeanzia hapo. Palipo na mlundikano na bosi mwenye haraka, ruhusa ya mdomo haiko mbali.

Kuhesabu nako kuna hatari zake. Julai 2004 maabara hiyohiyo iligundua kwamba diski mbili za siri hazionekani. Mkurugenzi Pete Nanos akasimamisha kazi za maabara nzima. Gharama ya kusimama huko, kwa kadirio la juu la serikali, ilifika dola milioni 370. Uchunguzi ulipokwisha ikaonekana diski zenyewe hazikuwahi kutengenezwa. Zilitengenezwa lebo za utambulisho, zikaingizwa katika orodha, diski hazikufuata. Aliyewahi kufungua jalada kabla ya barua kufika anajua jambo hilo hutokeaje. Lebo itoke siku kitu kinapopokelewa, mbele ya macho ya watu wawili, isitoke kabla.

Nimelibakiza suala la wanaotoa taarifa, nalo ni zito. Pale FDO, Khan alikaa ofisi moja na mpiga picha wa kiufundi, Frits Veerman. Walikuwa marafiki. Veerman alialikwa kula kwao, akaiona michoro ya sentrifuji nyumbani, akashtuka, akawaambia wakubwa. Hawakumsikiliza. Baadaye Khan alipokwisha kuondoka, aliyepoteza kazi ni Veerman, mwaka 1978. Ilichukua hadi 2020 kwa chombo cha Uholanzi kinachoshughulikia watoa taarifa kutamka kwamba alitendewa isivyo haki.

Kanuni zetu zinamtaka karani anayeona jalada limetoka bila kibali aripoti kwa mkuu wake wa kazi. Hapo sawa, kama mkuu huyo siye aliyesema "nenda nalo, kesho asubuhi ulirudishe." Akiwa ndiye, karani aende kwa nani? Naomba mjadala wetu uanzie kwenye swali hilo, na kila taasisi iliyopo hapa itaje jina la cheo, si jina la idara.