Mtoto Aachwe Ahesabu kwa Vidole Vyake

Hotuba ya mwalimu wa darasa la kwanza mbele ya wazazi na wageni, Siku ya Wakimbizi Duniani, 20 Juni



Nimeombwa niseme juu ya hesabu za watoto wadogo. Sitasema sana, maana jua ni kali na akina mama wameacha vyungu motoni.

Mama mmoja alinijia kwa furaha: mwanawe wa miaka 6 alihesabu mpaka mia bila kukosea. Nikamwekea mtoto maharagwe 7 mezani. Akahesabu vizuri, saba. Nikayatawanya mbele ya macho yake, nikauliza sasa ni mangapi. Akasema, "Yameongezeka." Basi mtoto huyu alikuwa na wimbo wa namba, namba zenyewe alikuwa bado hajazipata. Huo si ujinga, wazazi. Jean Piaget wa Uswisi aliwaona watoto wa huko wakijibu vivyo hivyo. Inafaa ashike vitu kwa mikono, avitawanye, avikusanye, ahesabu tena, mpaka aone mwenyewe kwamba saba inabaki saba.

Sasa niungame kosa langu. Nilipotoka chuo cha ualimu nilikataza vidole. Binti mmoja alikuwa akihesabu chini ya dawati; nikamwambia mbele ya wenzake kwamba vidole ni vya watoto wachanga. Wakacheka. Muda mrefu hakuinua mkono tena, na daftari lake likawa linarudi tupu. Alikuwa anajua kujumlisha! Nilichomnyang'anya ni uthubutu wa kujaribu. Siku hizi darasani kwangu vidole ni ruhusa, na akikosea namwuliza, "Umepataje?" kabla ya kumwambia si sawa. Mara nyingi akieleza hujisahihisha mwenyewe.

Jambo la lugha nataka mlisikilize vizuri. Sisi Wakongo nyumbani tunasema makumi mbili na tatu. Wengine wakisikia hutucheka kwamba hatujui Kiswahili, kinachotakiwa ni ishirini. Haya, ishirini ni sahihi na mtoto ataijifunza. Lakini tazameni: katika makumi mbili na tatu mtoto anasikia makumi yako mawili na kuna mamoja matatu. Ishirini haimwonyeshi. Ndugu zetu Warundi nao wanasema mirongo ibiri, ni makumi mawili yale yale. Kisha anakutana na Kifaransa: onze, douze, treize, ambako kumi imejificha, na akishazoea septante, anaambiwa themanini ni quatre-vingts, yaani ishirini nne! Mtu mzima mwenyewe anatokwa jasho. Kwa hiyo naanza na namba za nyumbani kwake, kisha namvusha kwenda nyingine. Watoto waliovuka Ruzizi mwaka 2025 wakaingia darasani kwangu walikuwa kimya siku za kwanza. Wengi walifungua mdomo kwa mara ya kwanza niliposema makumi.

Vifaa havina gharama. Tunakusanya vijiti, kila kumi tunafunga kwa uzi wa gunia. Mafungu mawili na vijiti vitatu, hiyo ndiyo 23, na mtoto anaibeba mkononi. Akitaka kutoa 5, afungue fungu moja. Hapo "kukopa", kunakowaliza wakubwa wa darasa la nne, anakuelewa bila machozi.

Nyumbani mama anaweza kucheza hivi wakati wa kuchagua maharagwe: weka kumi, mtoto ayahesabu, funika baadhi kwa kikombe, yamebaki manne nje. "Yaliyojificha mangapi?" Mkubwa asimjibie mdogo. Na baba, siku ya mgao mwachie mtoto ahesabu makopo, hata kama foleni nyuma inanung'unika kidogo.

Kwa wageni wetu nina ombi moja, na si la vitabu. Katika shule za kambi nilizofundisha, mwalimu aliyefika jana ndiye hupewa darasa la kwanza, na mwenye uzoefu hupewa darasa la mtihani. Darasa la kwanza lina watoto zaidi ya 80, na hapo ndipo mtoto anaamua kama yeye ni mtu wa hesabu au la. Akiamua hapana akiwa na miaka 7, mwalimu wa mtihani atamkuta ameshaacha shule. Tunaomba mwaka ujao walimu wawili wazoefu washushwe darasa la kwanza, na mafunzo ya walimu yaanzie hapo. Mimi nimekwisha kuomba nibaki.

Wazazi, Jumatatu kila mtoto aje na vifuniko kumi vya soda. Asiye na kumi alete alivyo navyo, tutahesabu pamoja vimepungua vingapi.